Msimamizi Si Kifungo

Koti la kazi la Stamena lilikuwa jeupe, lenye vifungo sita. Kila asubuhi alivifunga bila kuvitazama. Vidole vilikuwa kwenye vifungo, macho kwenye birika la kahawa, na mdomo kwa mumewe.

"Obren, kuna magunia mawili ya pilipili hoho barazani. Leo ukirudi uwashe moto tuzichome, tutengeneze ya kupaka kwenye mkate. Zikioza, wakati wa baridi utapaka mkate wako hewa."

"Nimesikia, mwalimu mkuu," alisema Obren, akitafuta soksi.

"Na kuni bado hazijaletwa."

"Nimesikia na hilo."

Basi Stamena alikunywa kahawa yake akiwa amesimama, akatoka. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kugandisha rasiberi, kule kwenye vilima vya magharibi mwa Serbia. Wakati wa kiangazi watu huchuma vitunda vile vyekundu mashambani. Miezi mingine kiwanda huvichambua vikiwa vimeganda. Hupita juu ya mkanda mrefu wa mashine vikigongana kama kokoto, na wanawake wenye glavu huondoa vibovu.

Mwenye kiwanda aliitwa Vitomir. Huyo ndiye aliyesimamia ndoa ya Stamena na Obren. Na kwa watu wa huko, msimamizi wa ndoa si mtu wa siku moja. Ni ndugu kuliko ndugu. Yeye ndiye aliyewasimamia watoto wao wawili kwenye ubatizo. Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yenu ikifika, kiti chake kiko karibu na mshumaa. Humsemi vibaya, seuze kumshtaki. Wana msemo wao: msimamizi si kifungo, ukamng'oa leo ukamshona kesho.

Vitomir, basi, alikuwa msimamizi wa Stamena mara mbili: kanisani na kazini. Stamena hakumwita kwa jina. Alimwita "Msimamizi" tu, na maana zote mbili zilikuwa humo ndani.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi, mkanda ulikwama. Barafu ilikuwa imejaa kwenye rola, lile gogo la chuma linalozungusha mkanda. Zamani rola ile ilifunikwa na kinga ya bati. Kinga ilitolewa wakati wa kiangazi ili iwe rahisi kusafisha. Kila mtu aliona haipo. Kila mtu alidhani mwingine atairudisha.

"Zima mashine kwanza," alisema Zagorka, mwenzake wa upande wa pili wa mkanda.

"Nikizima, mpaka iwake tena ni robo saa. Na leo Msimamizi ana wageni, wanunuzi kutoka Ujerumani. Unataka wakute tumekaa kama kuku wa mayai?"

Stamena alipeleka mkono wa kulia kukwangua barafu. Barafu ilibanduka. Rola ikazunguka. Glavu ilinaswa, mkanda ukauvuta mkono ndani.

Zagorka alibonyeza kitufe chekundu, na mashine ikazimika. Mkono ulipotoka, glavu haikutoka. Zagorka alivua aproni yake akauzungushia mkono ule, huku akisema, "Usiangalie, dada. Nitazame mimi. Nitazame mimi."

Vitomir alimpeleka hospitali mwenyewe, kwa gari lake. Alikuwa mweupe kama chumvi. Stamena alimtazama akamwonea huruma. Ndiyo, yeye mwenye mkono uliosagika, ndiye aliyemwonea huruma mwenzake. Aliwaza juu ya kinga iliyoachwa stoo. Aliwaza juu ya wakaguzi, na wale wanunuzi waliokuwa wakinywa kahawa ofisini.

"Msimamizi," alisema, "usiwe na wasiwasi. Nitasema nilikuwa napasua kuni nyumbani."

Vitomir hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Aliendelea kuendesha. Kimya kile Stamena alikuja kukikumbuka mara nyingi baadaye.

Hospitalini alimkuta Daktari Nikodije, kijana mpole mwenye miwani. Daktari aliusafisha mkono kwa uangalifu.

"Umeumiaje, mama?"

"Kuni, daktari. Ile mashine ya kupasulia kuni."

"Gogo lilikubana, au kuna kitu kilikuvuta?"

Stamena alisita. Aliyajua majibu yote mawili. Mashine ya kuni haimvuti mtu, hubana tu. Akisema alivutwa, daktari atauliza kilichomvuta ni nini.

"Lilinibana," alisema.

Daktari aliandika. Mkono ulipigwa picha, na mifupa ilionekana mizima. Jeraha likashonwa, mkono ukafungwa kwa plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. "Wiki nne," alisema daktari. "Una bahati."

Jioni Vitomir alifika nyumbani na kikapu cha machungwa na bahasha. "Kwa mahitaji madogo madogo," alisema. Alikuwa na machozi. Alimkumbatia Obren mlangoni kwa muda mrefu. Obren alipofunga mlango, alimgeukia mkewe.

"Kuni gani, Stamena? Sisi tuna kuni?"

"Nyamaza, mume wangu. Ni Msimamizi."

Mwaka ule pilipili zilichomwa na Obren peke yake. Alizimenya akiunguza vidole, akitukana kwa sauti ya chini, na nusu ya maganda aliyaacha ndani. Stamena alikaa kwenye kiti akimwelekeza. Walicheka. Walidhani ni wiki nne.

Plasta ilipofunguliwa, vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilibaki vimenyooka. Stamena aliviambia vikunje. Havikukunja. Alijaribu tena, mpaka jasho likamtoka. Daktari Nikodije alivigusa, akamwandikia barua kwenda kwa bingwa wa mikono katika mji mkubwa.

Bingwa alikuwa mwanamke mzee asiyependa maneno mengi. Aliangalia picha, akaangalia mkono, akamwangalia Stamena.

"Kano zimekatika. Kano ni kama kamba; ndizo zinazokunja kidole. Zimekatika na kurudi nyuma, huku kiganjani. Gogo halifanyi hivi. Hili ni jeraha la kitu kinachovuta."

Stamena alitazama sakafu.

"Katika siku za mwanzo tungeweza kuzishona," alisema bingwa. "Daktari wako angejua ulivutwa, angezitafuta siku ileile. Sasa zimekaa wiki tano. Nitakupasua, lakini siahidi kitu."

Alimpasua. Kidole cha kati kilijifunza kukunja kidogo, kama mtu anayeinama kusalimia asiyempenda. Cha shahada kilikataa kabisa.

Siku zile ndipo Stamena alipouona urefu wa uongo wake. Ruhusa yake ya ugonjwa iliandikwa kuwa ameumia nyumbani, kwa hiyo hakulipwa mshahara kamili. Bahasha za Vitomir zilikuja mara mbili, kisha zikakoma. Vitomir mwenyewe akaanza kupita barabara ya juu, asipite mbele ya nyumba yao. Hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, na mwenye haya hukimbia alichokiumiza. Mkataba wa Stamena ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka. Nani atamwajiri mchambuzi wa matunda mwenye mkono mmoja?

Kila asubuhi Obren ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi. Vidole vyake vilikuwa vinene, vya fundi matofali. Wakati mwingine aliruka kifungo, na blauzi ikakaa upande.

Hivyo ndivyo Desanka alivyomkuta. Desanka alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyestaafu. Kwa miaka thelathini alikaa nyuma ya dirisha la ofisi ya bima ya afya, akipokea fomu na kuzirudisha. Mji mzima ulimwogopa.

"Nani kakuvisha, Stamena? Mlevi?" aliuliza, akijivutia kiti.

"Obren."

"Basi nimekosea kidogo tu. Niwekee kahawa. Hapana, kaa, naweka mwenyewe." Aliweka birika jikoni kama yuko kwake. "Sasa niambie juu ya hizo kuni."

"Nimeshasema kwa kila mtu."

"Mimi si kila mtu. Uliumia tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili, mwezi wa kumi."

"Na kuni zenu zililetwa ishirini na sita. Nakumbuka vizuri, lori liliziba geti langu asubuhi nzima. Mlikuwa mnapasua nini tarehe kumi na mbili? Viti?"

Stamena aliinamisha kichwa. Kisha akalia. Hakuwa amelia kwenye mkanda, wala hospitalini, wala kwa bingwa. Alilia pale jikoni, mkono mbovu mapajani, akasimulia yote: kinga, barafu, gari, kimya, na lile neno moja alilolibadilisha.

Desanka hakumkatiza. Stamena alipomaliza, Desanka alisema taratibu, "Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua. Wewe hukufa, lakini umeumbuka. Vitomir alikuomba useme hivyo?"

"Hakuniomba. Nilijitolea mwenyewe. Nilidhani namlinda."

"Ulimlinda na nini? Unajua kiwanda chake kinakulipia bima ya ajali? Mwenye kiwanda analazimika kuwawekea bima wafanyakazi wake. Fidia ingetoka kwenye bima. Angepigwa faini kwa ile kinga, ndiyo, na angestahili. Lakini faini hulipwa ikaisha. Kidole je?"

Stamena aliutazama mkono wake. Jambo hilo la bima hakulijua. Huenda hata Vitomir, katika hofu yake, hakulikumbuka.

"Sikiliza basi, nitakwambia kama nilivyowaambia watu dirishani, ila leo sipigi kelele," alisema Desanka. "Mtu akiumia kazini, anamwambia mkuu wake palepale, hata kama ni mkwaruzo. Anahakikisha kuna aliyeona. Wewe nani alikuona?"

"Zagorka. Ndiye aliyenifunga aproni."

"Vizuri. Kisha akifika kwa daktari anasema kweli. Wapi, saa ngapi, na kitu gani kilimfanya nini. Daktari anatibu anachoambiwa. Ukimdanganya yeye, umeudanganya mkono wako. Na mwenye kiwanda anajaza fomu ya kuumia kazini, anaipeleka kwa mkaguzi wa kazi bila kuchelewa. Ajali kubwa kama yako haingoji kesho kutwa. Daktari naye anaandika sehemu yake, kisha fomu inakwenda kwenye bima ya afya. Wewe unabaki na nakala. Nakala, Stamena. Nimeona watu wengi wenye haki lakini hawana nakala."

"Mimi sina hata hiyo fomu. Nimechelewa."

"Umechelewa, sikufichi. Kuchelewa kuna gharama yake, na nyingine umeshailipa hapo mkononi. Lakini mlango haujafungwa. Mwenye kiwanda akikataa kujaza, unakwenda mwenyewe kwa mkaguzi. Utaandika maelezo yako. Zagorka ataandika yake. Mashine ilisimama, lazima kwenye daftari la zamu imeandikwa. Na mimi nitasimulia habari ya lori."

"Itabidi niseme nilidanganya."

"Itabidi. Ndiyo sehemu chungu. Kunywa kahawa."

Stamena hakwenda kwa mkaguzi kwanza. Alikwenda kwa Vitomir. Obren alitaka kumsindikiza, akamkatalia.

Vitomir alimkaribisha ofisini, akamwekea kijiko cha jamu na glasi ya maji, kama wanavyokaribishwa wageni huko. Stamena aliweka juu ya meza fomu aliyotafutiwa na Desanka.

"Msimamizi, nimekuja unisainie."

Vitomir aliisoma. Shingo yake ikawa nyekundu. "Ulisema ni kuni."

"Nilikosea."

"Mimi nilikwambia useme hivyo?"

"Hukuniambia. Ulinyamaza."

"Nimewasimamia wanao kwenye ubatizo, Stamena. Leo unaniletea karatasi?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako kabla sijakwenda kokote. Jaza wewe. Sema ukweli wewe. Tutakuwa tumesema pamoja."

Vitomir aligeukia dirisha. Chini, kwenye ukumbi wa mashine, mkanda ulikuwa unakwenda. "Ngoja wanunuzi wasaini mkataba," alisema. "Mwezi wa pili. Nakuomba."

"Kinga umeirudisha?"

Alinyamaza, kama vile garini.

Stamena alichukua fomu yake. Safari hii kimya kile alikielewa. Aliumia zaidi kuliko siku ya mkanda, kwa sababu alimpenda yule mtu, na mpaka leo anampenda.

Kesho yake alikwenda na Desanka kwa mkaguzi wa kazi. Zagorka aliwakuta mlangoni. Alikuwa na hofu, maana naye ana mkataba na watoto. "Nimekuja," alisema. "Ile aproni sijaweza kuifua ikatakata."

Mkaguzi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mafua. Aliwasikiliza mmoja mmoja, akaandika, akawasomea alichoandika. Kisha alimpa Stamena nakala.

Ilibaki kwa Daktari Nikodije. Stamena alisimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani.

"Daktari, siku ile uliniuliza kama nilibanwa au nilivutwa."

"Nakumbuka."

"Nilivutwa."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nimelala nikijilaumu kwa mkono huu," alisema. "Nilidhani nilipitiwa."

"Hukupitiwa. Nisamehe."

Hilo Stamena hakulitarajia, kwamba uongo wake ulikuwa umemlaza mtu mwingine macho. Daktari aliandika maelezo mapya, akayaambatisha kwenye yale ya kwanza, akapiga muhuri.

Mkaguzi alifika kiwandani wiki ileile. Kinga aliikuta stoo, chini ya maboksi. Mkanda ulisimamishwa mpaka kinga irudi mahali pake, na Vitomir akapigwa faini. Wanunuzi hawakukimbia. Waliuliza maswali, wakaona kinga, wakasaini.

Mwezi wa kumi na mbili ilikuja sikukuu ya mtakatifu wa nyumba ya Stamena. Siku hiyo hakuna anayealikwa, anayekukumbuka huja. Mkate ulikatwa, mshumaa ukawashwa. Desanka alikuja, Zagorka alikuja, majirani wakajaa. Kiti cha karibu na mshumaa kilikaa tupu mpaka usiku. Obren alitaka kukiondoa. Stamena alimwambia, "Kiache."

Majira ya kuchipua barua ilifika. Ajali ilikubaliwa kuwa ni ya kazini. Stamena alilipwa mshahara wake wote wa miezi aliyokuwa amepunjwa. Bima ya kiwanda ililipa fidia. Alipelekwa wiki tatu kwenye hospitali yenye chemchemi ya maji ya moto kufanya mazoezi ya mkono, bila kulipa. Mkataba wake ulifanywa upya kwa kazi ya kusimamia mizani, kazi isiyohitaji vidole kumi. Wenzake wakamchagua kuwa mwakilishi wao wa usalama.

Alifurahi, lakini furaha yake haikufika mpaka mwisho. Kidole cha shahada kilibaki kimenyooka. Akichota supu, kilielekea mbele kana kwamba kinamshtaki mtu. "Ningesema neno moja siku ile," alimwambia Obren mara nyingi, na Obren alijifunza kutojibu.

Jumamosi kabla ya msimu wa mavuno, geti lilifunguliwa. Alikuwa Vitomir, amekonda, na furushi kwapani. Alisimama uani, hakuingia.

"Obren yupo?"

"Yupo kazini. Karibu, Msimamizi."

"Hapana. Nimeleta hili tu." Alimpa furushi. "Mke wangu alikuona kanisani, Obren anakufunga koti."

Ndani mlikuwa na koti jeupe la kazi. Vifungo vyote sita vilikuwa vimetolewa. Mahali pake pameshonwa vitambaa vya kunata, ukigusa tu vimeshika. Stamena alilivaa palepale uani, kwa mkono mmoja, mbele yake. Lilifunga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi kujifunga nguo mwenyewe.

"Garini," alisema Vitomir, akitazama kuku, "nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa na njia nzima ya kusema."

"Na mimi nilikuwa na hospitali nzima."

Walisimama. Nyuma ya ukuta kiti kiliburutwa. Desanka alikuwa anasikiliza, wala hakujificha. "Mkaribishe ndani, Stamena, kahawa yangu pia iwepo," alipaza sauti. "Msimamizi si kifungo. Vifungo ndivyo vilivyoondoka."

Waliingia. Vitomir alikaa kwenye kiti chake.

Jumatatu, kwenye mkanda, msichana mgeni alijikata kidogo kwa ukingo wa kreti. Aliuficha mkono nyuma. "Si kitu, mama. Nitasema nilikatwa na kisu nyumbani."

Stamena aliweka mkono wake wa kulia mezani, mbele ya macho ya msichana, akauacha hapo mpaka alipoutazama vizuri.

"Umekatwa wapi?" aliuliza.

"Hapa," alisema msichana.

"Basi sema hapa."